Kila Neno Iko na Ndugu Yake

Wapo watu niliowadharau wiki moja nikawasahau wiki ya pili. Mkalimani nimemdharau miaka mingi mfululizo, bila likizo, na hata leo nikimkumbuka mdomo unaniwasha. Jina lake nalijua. Sitalitaja, maana alilipenda mno, na kumnyima ni raha ndogo niliyobaki nayo. Pale hospitalini Arua kila mtu alimwita Mkalimani, mgonjwa na daktari, naye akaitika kama aliyepewa cheo na serikali. Hakupewa na mtu. Hakuwa kwenye orodha ya wafanyakazi, hata ya wafagiaji. Alikuja tu siku moja, akakaa kwenye benchi nje ya chumba cha daktari, akamsubiri mtu asiyejua Kiingereza, akampata, na tangu hapo hakuna aliyemwondoa.

Kwao ni wapi na mama yake ni nani, sikuuliza. Ninachokijua ni lile koti. Lilikuwa la kijivu, la mikono mirefu, na alilivaa hata Januari, wakati Arua nzima inatafuta kivuli. Mfukoni kifuani alichomeka peni tatu, nyekundu, bluu na nyeusi. Sikuwahi kuiona hata moja ikigusa karatasi. Siku moja mama mmoja alimwomba amwazime atie sahihi, akasema hizo ni za kazi.

Alikuwa na namna yake ya kufanya hiyo kazi. Daktari akianza kusema, yeye alimwinulia kiganja kama askari wa barabarani, kumsimamisha. Kisha alifumba macho. Kisha alikohoa mara mbili. Ndipo alipotoa maneno, na maneno yenyewe hayakuwa na uhusiano wa kipimo na yale yaliyoingia. Daktari akisema maneno matatu, Mkalimani alihubiri mpaka mgonjwa akasinzia. Daktari akieleza kwa kirefu, akichora na kuhesabu kwa vidole, Mkalimani alifumba, akakohoa, akasema, "Anasema utameza dawa." Basi. Na sisi tulikuwa tunatikisa vichwa na kushukuru, wajinga tusio na kipimo.

Kiswahili chetu huku West Nile, Uganda, ni cha kambi za jeshi na cha soko. Mimi ni Mlugbara wa Pajulu, nimeolewa Koboko kwa Wakakwa, na kati yangu na shemeji zangu ni Kiswahili hicho hicho cha "iko" na "hakuna" kinachotupatanisha. Lakini nilikaa Mwanza miaka saba na marehemu mume wangu, aliyekuwa dereva wa malori, na huko nilikipata Kiswahili chenye mikono na miguu. Kwa hiyo Mkalimani hakuweza kunidanganya kwa upande wa Kiswahili. Alinidanganya kwa upande wa Kiingereza, ambacho mimi nilikiacha darasa la tano.

Yeye alipenda kusema kwamba alijifunza lugha jeshini, akiwatafsiria makamanda. Mzee mmoja wa Pajulu aliyekuwa naye kambi moja aliniambia ni kweli alikuwa kambini. Alikuwa jikoni anachambua maharagwe.

Msemo wake ulikuwa mmoja, na aliutumia kama wengine wanavyotumia chumvi. "Kila neno iko na ndugu yake." Maana yake, hakuna neno la Kizungu lisilo na mwenzake kwa Kiswahili, na yeye ndiye anayewajua ndugu wote. Ukimuuliza neno, hata la chuma, hata la mbinguni, alikupa ndugu yake papo hapo. "Sijui" hakuwa nayo. Mtoto wa miaka miwili anaijua hiyo, anaisema akiwa na sukari mdomoni, lakini mtu mzima mwenye peni tatu haikumpitia kooni.

Kabla ya hospitali alikuwa Vurra, mpakani, akiwasaidia wafanyabiashara wa Kongo kuzungumza na watu wa forodha. Kisa chake cha huko kila dereva anakijua, nami nilikisikia kwa mume wangu. Alikuja mfanyabiashara mmoja kutoka upande wa Aru na lori lake. Afisa akamtaka aeleze forodha amebeba nini, na neno la Kiingereza alilolitumia lina ndugu wawili, mmoja wa kuorodhesha na mmoja wa kutangaza. Mkalimani akafumba macho akamchukua wa pili. "Anasema utangaze mali yako." Mtu wa watu akashangaa, lakini serikali ni serikali. Akapanda juu ya mzigo akaanza: "Mawese iko, sabuni iko, vitenge ya muzuri iko." Wanawake wa Vurra wakaja na vikapu. Alikuwa ameshauza madumu manne ya mawese ambayo hayajalipiwa ushuru ndipo afisa alipotoka ofisini mbio. Mkalimani alipoulizwa amefanya nini, alijibu, "Kwani hakutangaza?"

Mume wangu alikicheka kisa hicho mpaka machozi. Mimi pia nilicheka, wakati huo. Nilidhani mtu wa namna hiyo huwapata wengine.

Haki yake nimpe, ingawa naitoa kwa shingo upande. Hakuomba hela kwa maskini. Hakuchelewa hata siku moja. Na wodini aliwahi kulazwa Mkongomani mmoja asiye na ndugu, tumbo limejaa maji, ananuka, manesi wenyewe wanampita kwa haraka. Mkalimani alivua lile koti, alilikunja vizuri, akaliweka kitini, akamwogesha yule mtu kila asubuhi mpaka alipokufa. Alimwita "mutu wangu". Sijui niliweke wapi jambo hili. Kila nikitaka kumdharau kwa utulivu, linakuja kunisumbua.

Sasa niseme la kwangu.

Nilikuwa naumwa mwaka mzima bila kujua naumwa nini. Upande wa kushoto, chini ya mbavu, palikuwa na kitu kigumu kinakua. Nikila vijiko vitatu nimeshiba. Usiku naloa jasho. Kila mtu Koboko alikuwa na jibu moja, bandama. Huku bandama ni ugonjwa wa kila nyumba, unatokana na malaria zilizorudiarudia. Nikanywa dawa za malaria mpaka masikio yakavuma. Bibi mmoja akanichanja chale juu ya uvimbe, mistari tisa, ninayo mpaka leo. Nikapungua. Ile sketi niliyokuwa naivaa nikiuza simsim ya kusaga, ufuta kwa Kiswahili cha Mwanza, sokoni ikawa inazunguka yenyewe kiunoni.

Hatimaye shemeji mkubwa, kaka wa marehemu, akanipeleka Arua. Wakachukua damu yangu, wakaipeleka Kampala. Baada ya wiki kadhaa tukaitwa. Alikuwepo daktari wa damu, anayekuja kutoka Kampala kila miezi mitatu, Mganda, anajua Kiganda na Kiingereza tu. Tulikuwa wanne chumbani, daktari, mimi, shemeji, na Mkalimani na koti lake.

Daktari alisema kwa muda mrefu. Alichukua karatasi akachora nyuzi mbili, akazikata mikia, akazibadilisha. Alionyesha kidonge kimoja. Na alitabasamu. Hilo nalikumbuka vizuri, kwa sababu nilijiuliza ni nini cha kufurahisha. Mkalimani akamwinulia kiganja. Akafumba. Akakohoa mara mbili.

"Daktari anasema, hii ni kansa ya damu. Iko ya ukoo. Mutu anazaliwa nayo, iko ndani ya damu ya kwao huyu mama. Dawa iko, utameza kila siku."

Shemeji akauliza, "Na watoto?"

Hapo ndipo dhambi yenyewe ilipo. Swali lile alitakiwa amgeuzie daktari. Daktari alikuwa pale, mita moja, kalamu mkononi, anangoja. Mkalimani hakumtazama hata kumtazama. Alimjibu shemeji mwenyewe.

"Kama iko ya ukoo, watoto itawakosa namna gani?"

Daktari akaitikia kwa kichwa, maskini, akidhani tunashukuru.

Mimi nina mtoto mmoja tu aliye hai, Poni. Wakati huo alikuwa amechumbiwa na mwalimu wa kule Ajia, kijana mwenye adabu, na watu wake walikuwa wamepanga kuja kuzungumza. Shemeji hakuwa na ubaya. Aliona ni haki kuwaambia. Habari ikatoka Arua ikafika Ajia kabla mimi sijamaliza chupa ya kwanza ya dawa. Wakatuma mtu kusema kwamba wanasubiri kidogo. Mimi naijua Ajia. Kusubiri kwao ni kukataa kwa heshima.

Poni hakulia mbele yangu. Alichofanya ni kibaya kuliko kulia. Kila asubuhi, kabla ya kuwasha moto, alisimama nyuma ya jiko akajipapasa ubavu wa kushoto, taratibu, anatafuta. Nilimwona siku tatu bila yeye kujua. Siku ya nne aligeuka akanikuta.

"Mama," akasema, "na mimi umeniachia?"

Nilikwenda kukaa chooni, kwa sababu ndipo mahali pekee pale nyumbani penye mlango.

Sasa sikiliza jinsi nilivyoujua ukweli. Niliporudi Arua kuchukua dawa nilimkuta Sista wa dirisha la vidonge, msichana wa Vurra, mdogo, aliyekuwa likizo ya uzazi siku ile ya daktari. Alinisalimu kwa Kilugbara. Akaniuliza mbona nimekonda hivyo na huku dawa inafanya kazi, uvimbe umelainika. Nikamwambia kuhusu ukoo. Akaweka chini chupa aliyokuwa ameshika.

"Nani amekuambia?"

"Mkalimani."

Alivuta pumzi. Akaniuliza marehemu mume wangu alikuwa nani, nikasema dereva. Akasema vizuri, basi njoo nikueleze kwa malori.

Ndani ya kila chembe ya mwili, alisema, kuna nyuzi, na kwenye hizo nyuzi kuna maagizo ya mwili wote. Zina namba, kama malori. Fikiria malori mawili yamesimama Vurra, namba tisa na namba ishirini na mbili. Siku moja, kwenye chembe moja tu ya ndani ya mifupa yako, inakotengenezwa damu, yakakatika. Yalipoungwa tena, trela la huyu likafungwa kwenye kichwa cha yule. Lori lililotokea hapo halina breki. Linatengeneza damu nyeupe usiku na mchana, haliambiwi simama. Hiyo ndiyo inayojaa kwenye bandama lako.

Zamani, akasema, madaktari hawakujua chochote. Walikuwa wanapiga kwa dawa kali kila kitu kilichopo barabarani, kizuri na kibaya, na mgonjwa alikufa hivyo hivyo. Kisha watu fulani wakachungulia damu ya wagonjwa kama wewe kwenye darubini, wakaona uzi mmoja ni mfupi kuliko inavyotakiwa. Kauzi kafupi, basi. Wengine wakafuata, wakauliza mkia umekwenda wapi, wakaukuta umefungwa kwingine. Wengine wakauliza pale palipofungwa panatoa nini, wakakipata kile kitu kinachokataa kusimama. Na walipokijua umbo lake, wakachonga dawa ya kukaa pale pale, si kwingine. Ni jiwe chini ya tairi la lori hilo moja. Ndiyo maana unakula, unatembea, nywele zako ziko kichwani. Na ndiyo maana unameza kila siku, vidonge vinne, maana lori bado lipo mtelemkoni. Ukiondoa jiwe linaondoka.

"Na Poni?" nikauliza.

"Ilikupata ukubwani, mama. Haiko kwenye yai lililomzaa Poni. Ajali hairithiwi."

Nilimfanya aseme mara tatu. Na hapo nikaelewa lile tabasamu la daktari. Katika kansa zote anazozitangaza mwaka mzima, hii ndiyo aliyokuwa na dawa yake kamili, na siku ile alikuja na habari njema mkononi. Mkalimani akaichukua akaigeuza laana, kwa kukohoa mara mbili.

Neno la daktari, Sista aliniambia baada ya kulisoma kwenye faili langu, lilikuwa jenetiki. Mkalimani alikuwa amelisikia mahali fulani likitajwa pamoja na urithi, akamshika ndugu huyo mmoja, akakimbia naye.

Mtu atasema, si urudi tu nyumbani ukaeleze. Nilieleza. Shemeji alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mama Poni, wewe ndiyo mugonjwa. Utasema nini ingine?" Nikasema basi aje amsikie Sista. "Huyo mutoto wa juzi? Tena Mulugbara mwenzako. Mimi nilikuwa pale. Mukalimani alisimama karibu na daktari, masikio yangu ilisikia." Nikasema tungoje daktari arudi. Shemeji akauliza swali ambalo mpaka leo linanichekesha na kuniudhi kwa pamoja. "Na akirudi, nani atatafsiri?"

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Uongo ulikuwa na koti na peni tatu, ukweli ulikuwa na mtoto mchanga mgongoni. Ndoa ya binti yangu, na usingizi wake, vilikuwa mikononi mwa mtu mmoja tu wa kuamini, na mtu huyo ndiye aliyeviharibu. Nikafunga mtungi mdogo wa simsim, nikaenda Arua kumtafuta benchini kwake.

"Mzee," nikasema, "siku ile ulikosea."

Alinitazama kama nimemtukania mama. "Mimi?"

"Lile neno si ukoo."

"Kila neno iko na ndugu yake, mama. Ile neno, ndugu yake ni ukoo."

"Lina ndugu wawili."

Akagusa peni zake, moja moja. "Nani amekuambia?"

"Sista."

"Sista anajua sindano."

Nikamweleza malori. Nilimweleza yote, tangu namba mpaka jiwe, na katikati ya maelezo nikaona amefumba macho. Nilidhani amesinzia. Kumbe alikuwa kazini. Nilipomaliza alifumbua jicho moja. "Trela ya nani ilifungwa kwa kichwa ya nani?" Nikarudia. Midomo yake ikarudia nyuma yangu, bila sauti. Mtu huyu alikaa Vurra miaka yote ile, kati ya malori, mafuta ya injini kwenye viatu vyake, na hakuwahi kufikiri kwamba malori yanaweza kumsaidia mgonjwa.

"Nitakuja Koboko," akasema mwishowe. "Lakini hakuna mutu atasema Mukalimani alikosea. Hata wewe. Ukisema, mimi nasimama, naenda."

Hiyo ndiyo bei aliyotaka. Si pesa. Alitaka nimwachie uso wake mzima, na uso wangu niufute mimi. Nikamwambia sawa. Simsim aliichukua pia.

Watu wa Ajia walikubali kuja kumsikia. Walikaa kwenye viti vya kukodi uani kwa shemeji, saa nne asubuhi, soda mikononi, wazee watano na yule mwalimu kijana ambaye hakujua aangalie wapi. Poni alikuwa jikoni, mlango wazi. Mkalimani alishuka na koti lake. Alikohoa mara mbili hata bila daktari.

Na alisema vizuri. Hili ndilo linaloniuma. Alisimama, akatembea, akawa lori namba tisa, akarudi akawa namba ishirini na mbili, akafunga trela kwa mikono, akateleza bila breki mpaka karibu na banda la kuku. Wazee wa Ajia wakasogeza viti. Alipofika kwenye jiwe aliinama akaweka jiwe la kweli chini ya mguu wa meza. Kisha akaongeza lake, ambalo Sista hakulisema wala mimi sikulisema.

"Sasa niwaulize, wazee. Lori ikigongana leo pale Vurra, ile lori mupya kule kiwandani, inazaliwa na kidonda?"

"Hapana," wakasema.

"Basi musichana yuko muzima. Damu ya mama ilipata ajali. Ukoo haikupata ajali."

Mzee mkubwa wa Ajia akashusha soda yake. Akasema mbona basi walisikia vingine. Mkalimani alimtazama shemeji, kisha uwanja wote, kwa huruma kubwa.

"Hii maneno nilisema tangu siku ya kwanza. Lakini masikio ya Koboko iko na vumbi."

Watu wakacheka. Shemeji, aliyekuwa pale, aliyesikia kila neno kwa masikio yake safi, akainamisha kichwa. "Inawezekana nilisikia vibaya," akasema. Wote wakanigeukia mimi, maana mimi pia nilikuwepo chumbani siku ile. Ulimi wangu ulikuwa umeshafika kwenye meno. Nikatazama mlango wa jiko. Poni alikuwa amesimama pale, mkono bado ubavuni, anamsikiliza yule mpumbavu kama anasikiliza hukumu ya mahakama.

"Tulisikia vibaya," nikasema.

Poni akaushusha mkono.

Harusi ilifanyika baada ya mavuno. Mkalimani alikaa meza ya wazee, akala nyama ya mbele, ya wageni wa heshima, akaombwa atoe neno, akatoa mengi. Mpaka leo ukimuuliza shemeji atakwambia Mkalimani ndiye aliyeiokoa nyumba yetu. Wajukuu wangu wawili wanalijua jina lake. Walifundishwa kumwombea.

Nilimwona mara ya mwisho mwaka jana, siku yangu ya kliniki. Sasa pale Arua kuna vijana waganga wasaidizi wanaozungumza Kilugbara, Kikakwa, Kilingala, chochote, na daktari wa damu ana mmoja wao kando yake. Hakuna anayemhitaji Mkalimani. Lakini alikuwepo benchini, koti limemzidi mabega, peni zimebaki mbili. Nilikaa karibu naye kwa sababu hapakuwa na nafasi nyingine. Nikafungua muhogo wangu wa kuchemsha, maana vidonge vile havitaki tumbo tupu.

Nilikula nusu ya muhogo. Kisha akaniinamia, akanong'ona, kama anaomba kitu cha aibu.

"Mama Poni. Ile neno ya daktari. Jenetiki. Ni nini hasa?"

Miaka yote hiyo. Aliharibu kwa neno hilo, akajenga kwa neno hilo, akala harusi kwa neno hilo, na alikuwa halijui. Nilitaka kucheka, nikashindwa. Nikamweleza, kwa lugha yake. "Ni maagizo ya mwili, iko ndani ya kila chembe. Ingine umepewa na wazazi. Ingine imeharibika njiani, kwako peke yako. Neno ni moja kwa zote mbili."

Alifikiri. "Basi mimi nilisema nusu."

"Ulisema nusu."

Akaegemea ukuta, akavuta koti, uso ukamlainika. "Nusu si mbaya," akasema.

Nikafungua chupa yangu. Nikamimina vidonge vinne vya siku ile. Viwili nikaviweka kwenye kiganja chake, kile kile alichokuwa anawasimamishia madaktari, na viwili nikabaki navyo mimi.

"Daktari amesema vinne," nikamwambia. "Mimi nikimeza hivi viwili tu, kila siku hivi viwili, nitaishi?"

Alivitazama. Nilisubiri afumbe macho, hakufumba. Nilisubiri akohoe, hakukohoa. Alifungua mdomo akaufunga.

"Sijui," akasema.

"Sema tena, mzee. Masikio ya Koboko iko na vumbi."

"Sijui, mama."

Nikavichukua vile viwili kwenye kiganja chake, vilikuwa vimeanza kulowa jasho, nikameza vyote vinne.